Uvundo bafuni: mtafute mkosaji kabla ya kumfukuza mgeni

Kuna jambo moja ambalo jamaa nyingi za mjini hulizungumzia kwa kunong'ona tu, nalo ni harufu mbaya ya bafuni. Mgeni akibisha hodi, baba hukimbilia dirisha, mama huwasha udi, naye binti hutumwa dukani mbio akalete dawa ya kunyunyizia. Mgeni akienda zake, uvundo hurudi pale pale ulipokuwa, mara hii ukiwa umejipaka marashi.

Barua nilizo nazo mezani kuhusu jambo hili zinatoka Kayole, Zimmerman, Kisauni kule Mombasa, na moja ni ya mwanafunzi anayekodi chumba mjini Juja. Kilio chao ni kimoja: tumeosha, tumesugua, tumemwaga dawa, lakini wapi!

Nami nawajibu, wapenzi wasomaji, kwamba acheni kuosha kwanza. Kuosha ni dawa ya uchafu mnaouona. Harufu isiyoondoka baada ya bafu kusuguliwa vizuri mara mbili inatoka mahali ambapo brashi yenu haijafika, na hapo kazi si ya sabuni tena bali ya upelelezi. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Huku mjini inatubidi wakati mwingine kufuata nzi.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: kunanuka nini hasa? Watu wengi husema tu "kunanuka", kana kwamba harufu zote ni moja. La hasha. Harufu ya mayai viza ni hewa iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaokula uchafu mahali pasipo hewa safi, yaani ndani ya mabomba ya majitaka na katika matangi ya choo. Ukiinusa hiyo, jua kwamba kuna mlango umefunguka kati ya nyumba yako na mabomba hayo. Harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi ni amonia, na hiyo ni mkojo uliokauka mahali fulani. Harufu kama ya gunia lililolowa ni koga, na maana yake ni kwamba kuna unyevu nyuma ya ukuta, chini ya vigae au juu ya dari. Harufu ya taka zilizooza, tamutamu na nzito, aghalabu ni nywele, sabuni na mafuta ya mwili vilivyogandamana ndani ya bomba la sinki. Na ikiwa harufu inazidi kwa siku tatu au nne, kisha inaanza kupungua yenyewe baada ya wiki moja au mbili, basi kuna panya aliyefia darini, na nasikitika kusema kwamba hakuna fundi wa mabomba atakayekusaidia.

Tuanze na mayai viza, maana ndiyo harufu inayonuka katika fleti nyingi.

Hebu chungulia chini ya sinki lako la kunawia mikono. Utaona bomba limepinda kama herufi U, au lina kikombe cha plastiki kinachoning'inia. Mafundi hukiita trapu. Wengi hudhani kipo ili kunasa pete ya mama ikianguka. Kazi yake hasa ni kubakiza maji kidogo ndani yake kila mara, na maji hayo ndiyo kifuniko. Hewa chafu ya kwenye mabomba haiwezi kupenya maji hayo kuja juu. Choo cha kukalia kina trapu yake ndani ya bakuli lenyewe. Yale maji unayoyaona yametulia pale chini hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Kile kitundu cha sakafuni chenye wavu, kinachopitisha maji ya kuogea, nacho kina trapu yake chini ya simiti.

Aliyeandikisha bomba la kupinda namna hiyo kwa matumizi ya chooni ni mtengenezaji wa saa, Mskoti aliyeitwa Alexander Cumming, mjini London mwaka 1775. Hata hivyo, London yenyewe ilikawia kujifunza. Katika kiangazi cha mwaka 1858, mto Thames ulinuka majitaka hadi mapazia ya Bunge yakabidi yaloweshwe dawa ya chokaa ili wabunge waweze kukaa. Ni wakati huo ambapo fedha za kujenga mabomba makubwa ya majitaka zilipitishwa haraka, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi. Inaonekana wabunge wa kila nchi hufanya kazi vizuri zaidi shida inapowafikia puani.

Sasa, maji yale ya kwenye trapu hukauka. Ni maji machache, kina chake huwa kama sentimita tano hadi saba na nusu, na yasipoongezwa kwa wiki kadhaa huishia hewani, hasa wakati wa joto. Hapa ndipo tunapoona kwa nini shida ya maji na shida ya uvundo ni ndugu wa tumbo moja. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu. Mwaka 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungukiwa na maji, zamu hizo zilikuwa kali zaidi. Maji yakiwa haba, watu hufanya jambo la busara: wanaogea ndani ya karai, kisha yale maji yenye povu wanayatumia kuvutia choo. Hakuna tone linalopotea, na hakuna tone linaloingia katika kile kitundu cha sakafuni. Baada ya wiki tatu trapu ya sakafuni ni kavu kama koo la mlevi asubuhi, na mabomba ya ghorofa nzima yanapumulia bafuni kwako.

Dawa yake haigharimu hata senti. Mwaga nusu ndoo ya maji katika kitundu hicho, funga mlango, ngoja saa mbili. Ukirudi ukute harufu imepungua, umempata mkosaji wako. Baada ya hapo, mwagia kitundu hicho kibuyu kimoja kila Jumamosi, hata wakati maji ni ya kununua kwa mkokoteni. Wale wanaosafiri mashambani kwa likizo ndefu, na wanafunzi wanaofunga vyumba vyao miezi miwili, wamwage maji kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kuzuia maji yasikauke upesi. Siku ya kurudi, suuza kwa maji moto na sabuni.

Asije mtu akasema hili ni jambo la starehe tu, la watu wa pua nyepesi. Mnamo Machi 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia katika jumba la fleti la Amoy Gardens huko Hong Kong, uliwaambukiza zaidi ya wakazi 300 kwa muda mfupi. Wachunguzi walipofika waligundua kwamba trapu za sakafuni katika bafu nyingi zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walikuwa wakipangusa sakafu badala ya kumwaga maji. Feni za bafuni zilipowashwa zikavuta hewa na matone kutoka kwenye bomba la majitaka lililotumiwa na wote. Kibuyu cha maji kwa wiki kingewafaa sana watu wale.

Ikiwa umemwaga maji na uvundo ungali palepale, basi tuingie kazini.

Fanya kazi hii alfajiri, kabla ya mtu yeyote kuoga. Usiku uliotangulia funga dirisha na mlango wa bafu. Ziba vitundu vyote: kile cha sakafuni, cha sinki, na kile kidogo kilicho karibu na ukingo wa sinki cha kuzuia maji yasifurike. Zamani tungetumia karatasi za plastiki tulizopewa madukani, lakini hizo zilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na kitambaa kilicholoweshwa na kufunikwa sahani kinafanya kazi ile ile. Funika choo pia. Asubuhi fungua mlango, ingia, na uvute pumzi mara moja. Ikiwa bafu lina harufu nzuri, basi hewa ilikuwa ikitoka katika kimojawapo cha vitundu ulivyoziba. Fungua kimoja, ngoja nusu saa, nusa. Kisha kingine. Ikiwa bado kunanuka licha ya vitundu vyote kuzibwa, basi harufu inapitia mahali ambapo hapakukusudiwa kuwa na tundu.

Kila baada ya kunusa toka nje ukapunge hewa. Pua huchoka haraka sana. Ndiyo maana mwenye nyumba husema hakuna harufu ilhali mgeni ameziba pua mlangoni. Mwenye nyumba hasemi uongo, pua yake imekwisha kuzoea. Ni vyema kumwazima jirani, au mtoto wa miaka kumi hivi. Watoto wana pua kali na hawana adabu ya kuficha wanachokinusa.

Sasa nieleze kisa cha barua moja, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Aliyeiandika ni mama mmoja wa mtaa wa Umoja, anayeishi na mumewe na watoto watatu katika ghorofa ya tatu. Mavyaa wake alikuwa amekuja kutoka Vihiga ili atibiwe magoti. Wiki ya pili baada ya mama mkwe kufika, choo kilianza kunuka. Mwenye barua alinunua dawa, akamwaga. Akanunua nyingine kali zaidi. Halafu, anasema, akaanza kusema maneno. Hakuyasema kwa mavyaa, la, aliyasema kwa watoto, kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni: "Mwambieni nyanya choo huvutwa mara mbili." Siku nyingine aliwaambia wasiingie chooni mara baada ya nyanya kutoka.

Bibi yule hakujibu. Ila mkazamwana wake alianza kusikia maji yakimwagika saa tisa za usiku. Alipoamka kuchungulia, alimkuta mzee yule, ambaye magoti ndiyo yaliyomleta mjini, amepiga magoti hayo hayo chini akisugua sakafu ya choo kwa kitambaa. Wiki iliyofuata akasema anataka kurudi nyumbani, eti maharagwe yake yameiva na hakuna wa kuyavuna. Kliniki ilikuwa bado. "Sikumfukuza kwa mdomo," mama huyo aliniandikia, "lakini najua nimemfukuza. Na choo kingali kinanuka. Nifanye nini kwanza?"

Mara mojamoja barua hunitoa kwenye kiti. Nilimchukua fundi mmoja mzee ambaye amezibua mabomba ya Eastlands tangu baadhi ya mitaa hiyo ikiwa viwanja vitupu, tukaenda.

Fundi hakutoa spana wala waya. Alisimama mlangoni pa choo akauliza, "Mama, harufu hii ilianza lini?"

Mwenyeji wetu akatazama chini. Mavyaa alikuwa ameketi sebuleni, mfuko wake umekwisha fungwa kando ya kiti. Ndiye aliyejibu.

"Sema tu, mwanangu. Ilianza nilipokuja."

"Pole, nyanya," fundi akasema. "Na kabla hujaja, choo kilichokuwa hapa kilikuwa hiki hiki?"

Kimya. Kisha mama wa nyumba akasema polepole kwamba la, hapo palikuwa na choo cha kuchuchumaa. Mumewe alikuwa ameomba ruhusa ya mwenye nyumba, akanunua choo cha kukalia, ili mamake asipate taabu ya magoti. Kilikuwa kimewekwa siku mbili kabla ya mzee kufika, na kijana fulani aliyepatikana kando ya barabara, aliyemaliza kazi yote kwa saa tatu.

"Saa tatu," fundi akarudia, kama daktari aliyetajiwa dawa ya mganga wa soko.

Akainama, akashika bakuli la choo kwa mikono miwili na kulisukuma taratibu. Lilicheza. Si sana, unene wa ukucha hivi, lakini choo hakitakiwi kucheza hata kidogo. Kisha akaomba rangi nyekundu ya kutilia keki, na kwa bahati watoto walikuwa na kichupa. Akaitia ndani ya maji ya tangi la choo, akavuta mara tatu, akapangusa sehemu ya nyuma ya choo, pale kinapokutana na sakafu, kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikawa nyekundu.

Hayo ndiyo yote aliyohitaji kujua. Kila mtu alipovuta choo, maji mengi yalikwenda yanakotakiwa, na kiasi kidogo yalitoroka kwenye kiungo yakajikusanya chini ya vigae, yakaoza. Na kupitia ufa ule ule, hewa ya bomba kuu ilipanda usiku na mchana. Kuvuta choo mara mbili, kama bibi alivyoagizwa, kulikuwa kunaongeza maji mara mbili chini ya sakafu. Kusugua kwake usiku wa manane kusingemaliza hata chembe ya uvundo ule.

Walipokiondoa choo niliona kwa macho yangu. Mahali palipotakiwa kuwa na mpira wa kuunganishia choo na bomba, palikuwa na karatasi za gazeti zilizosokotwa na kupakwa simiti. (Halikuwa gazeti hili, nilihakikisha.) Simiti ikikauka hunywea, na choo kikikaliwa hutikisika, kati ya hayo mawili ufa ni lazima utokee, na wiki mbili ni muda wa kutosha. Mpira wenyewe haukufikia bei ya kilo mbili za nyama. Fundi alikausha sakafu, akamwaga dawa, akatia mpira, akakaza choo kwa skrubu nne badala ya mbili zilizokuwapo, na akaagiza kisitumiwe hadi kesho yake. Jamaa nzima ikaazima choo kwa jirani.

Mama wa nyumba alitengeneza chai. Alipompa mavyaa wake kikombe alikishikilia kwa mikono miwili muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sikusikia walichoambiana, wala haikunihusu. Mzee alikwenda Vihiga kuvuna maharagwe yake kama alivyosema. Lakini barua ya pili iliyonifikia inasema aliacha mfuko wake wa dawa juu ya kabati kwa makusudi, na kwamba alirudi kwa kliniki akiwa na gunia.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafundi huniambia kwamba swali la "ilianza lini" ndilo linalofungua kazi nyingi, na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Tunahesabu tangu mtu aje: yaya mpya, shemeji, mtoto aliyeanza kujiendea chooni mwenyewe. Hatuhesabu tangu kitu kibadilishwe. Kaa na kalamu uorodheshe: choo kipya, vigae vipya, jirani wa juu aliyehamia, mvua iliyonyesha, maji yaliyokatwa. Yaya asiyeweza kujitetea ndiye hulaumiwa kwanza, na najua wawili waliofutwa kazi kwa kosa la trapu kavu.

Vyanzo vingine nitavitaja kwa haraka. Kama sinki au kitundu cha sakafuni hupiga gulugulu jirani anapovuta choo, basi bomba la kupumulia, lile linalopanda hadi juu ya paa, limeziba au halikuwekwa kabisa. Maji yakishuka kwa nguvu bila hewa ya kutosha huvuta na kunyonya yale maji ya kwenye trapu zenu. Hiyo si kazi ya mpangaji. Ni ya mwenye nyumba, na fundi lazima apande paani. Majani, viota vya ndege, hata mpira wa watoto, vyote vimewahi kutolewa katika mabomba hayo.

Kama harufu hutokea tu mfereji ukifunguliwa, jaza bilauri maji, itoe nje hadi barazani, unuse huko. Ikinuka huko nje, shida ni maji yenyewe au tangi lililo juu ya nyumba ambalo halijaoshwa miaka mingi. Maji ya kisima cha kuchimbwa mara nyingine huwa na harufu ya mayai viza tangu ardhini. Bilauri isiponuka, basi ni kitundu cha sinki, na hapo fungua kile kikombe cha chini kwa mkono, weka karai kwanza, na ujitayarishe kwa kitakachotoka. Kile kitundu cha kuzuia mafuriko nacho husahauliwa na kila mtu. Kisugue kwa brashi ya kuoshea chupa za watoto.

Na nyumba yenye wavulana, tazama bawaba za kifuniko cha choo na vigae vya nyuma yake. Nasema hayo bila kumtaja mtoto wa mtu.

Jambo moja nalisema kwa sauti ya juu. Kuna watu wakiona dawa moja haifai huichanganya na nyingine. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na ile dawa kali ya kusafishia choo, ambayo ni asidi, hutoa hewa ya klorini, na hewa hiyo ni sumu inayounguza mapafu. Ikichanganywa na amonia, hata ile ya mkojo mwingi uliolala, hutoa hewa nyingine mbaya vilevile. Bafu zetu ni ndogo, na dirisha mara nyingi ni upana wa kitabu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, fungua mlango. Aidha, kwa wale wenye tangi la majitaka uani: likijaa, ita lori la kunyonya. Msimtume kijana wa mtaa aingie na ndoo kwa sababu ni rahisi. Ile hewa ya mayai viza ikiwa nyingi hulemaza pua, mtu haisikii tena, na anadhani imekwisha. Wengi wamefia katika mashimo hayo, na wengine wakafa wakiwafuata kuwaokoa.

Kuhusu mwenye nyumba, barua tatu zauliza: nani alipe? Kilichowekwa na mpangaji ni mzigo wa mpangaji, kama yule wa Umoja, ambaye alilipa mwenyewe. Lakini mabomba ya jengo, bomba la kupumulia, na trapu za sakafuni zilizozikwa kwenye simiti ni mali ya mwenye nyumba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Hata hivyo nisingeanza kwa kumtajia katiba. Anza na barua fupi yenye tarehe: kunanuka nini, tangu lini, umejaribu nini. Baki na nakala. Wapangaji wa ghorofa kadhaa wakitia sahihi pamoja husikika upesi zaidi kuliko mmoja. Akikaa kimya, afisa wa afya ya umma wa kaunti ana uwezo wa kuja kukagua, kwa kuwa sheria ya afya ya umma huhesabu bomba bovu linalonuka kuwa kero inayopaswa kuondolewa.

Ama wewe kijana wa Juja, ambaye kitanda chako kiko hatua nne kutoka chooni na unaandika kwamba uvundo huja usiku tu: jibu lako sina kamili, lakini nina shaka na bomba la kupumulia. Mwaga maji katika kitundu cha sakafuni jioni, na kabla ya kulala pima kwa kijiti maji yamefika wapi. Ukiamka upime tena. Kama yameshuka bila wewe kuoga, kuna kitu kinayanyonya. Niandikie, na uniambie choo cha jirani wa juu huvutwa saa ngapi.